Fundi aliyekuwa juu ya nguzo

Shoga, hebu sikia. Nusura niue mtu!

Umeme umekatika mtaa mzima, mimi nikawasha sola yangu ya kwenye paa, napiga pasi raha mustarehe. Kumbe sikushusha swichi kuu! Umeme wangu ukatoka nje, ukapanda hadi nguzoni, na fundi wa umeme yuko juu anataka kuushika waya!

Nikasikia anapiga kelele: "Nani ana sola huku? Huu waya una umeme!" Nikazima mbio.

Akashuka, jasho linamtiririka, akaniomba maji. "Dada, nikiambiwa kwenye kituo cha umeme wamezima, huwa sipimi waya."

Nikamuuliza: "Sasa mbona leo umepima?"

"Testa hii ya kupimia umeme ni mpya. Nilikuwa naijaribu tu."

Anaijaribu tu, shoga. ANAIJARIBU TU.