Chonge Ndani ya Sufuria

Huruma, Nairobi
1996

Mama,

Nimesugua meno kwa chumvi, nikasugua kwa mkaa, na bado nasikia mafuta yale kwenye ufizi. Nakuandikia wewe kwa sababu sijui nani mwingine ataelewa kinyaa hiki.

Tangu tukuzike kule Bungoma, kibanda chako cha supu ya vichwa nakiendesha mimi. Watu bado wanakiita kwa Mama Nekesa. Lakini mzee aliyekuwa akituletea vichwa vya mbuzi kutoka soko la nyama la Burma aliacha kazi, miguu ilimshinda. Akaja mtu anaitwa Elija. Vichwa vyake vilifika vimeshachomwa manyoya na kukatwakatwa ndani ya gunia. Nikamuuliza mbona hivyo.

"Nakupunguzia kazi, dada."

Nikamshukuru. Mungu wangu, nilimshukuru!

Ijumaa moja upawa ukaibua kipande cha taya. Nilitaka kukirudisha, kisha nikaona jino. Refu, limepinda, lina ncha. Chonge.

Unakumbuka ulivyonifundisha nilipojiandaa kwa mtihani wa darasa la nane? Ulikuwa unafungua midomo ya mbuzi kwa kisu, unanivuta kidole. "Gusa. Mbele juu hana meno, ni ufizi mgumu tu. Nyasi anazibana kwa meno ya chini, anang'oa, halafu anasaga kwa magego haya bapa." Nikauliza chonge liko wapi. "Chonge la kazi gani? Nyasi hazikimbii." Na lile fuvu la mbwa tulilolikuta kando ya mto Mathare, ukaligeuza kwa fimbo: "Huyu hasagi. Anashika kwa chonge, anakata kwa magego yenye makali kama mkasi, anameza." Nikauliza, na sisi? "Sisi tuna ya kukata, ya kurarua na ya kusaga. Tunakula kila kitu." Tulicheka sana siku hiyo.

Nikapangusa taya lile kwa kitambaa. Nyuma ya chonge, magego yalikuwa yamechongoka.

Mbwa, Mama. Ndani ya sufuria yako. Na mimi ndiye huonja chumvi kila asubuhi. Nilitapika nyuma ya kibanda mpaka ikabaki nyongo.

Elija alipokuja nikamwonyesha. Hata hakushtuka. Alikuwa anachokoa meno yake kwa njiti. "Kwani wateja wako wanakula meno? Wanakula nyama." Akatema kile alichokichokoa, karibu na mguu wangu. Mate yale yananitia kinyaa kuliko hata supu.

Ningeweza kunyamaza. Kibanda ndicho kinachotulisha mimi na watoto wa marehemu dada. Lakini watu walikuwa wameshapanga foleni na bakuli mkononi. Nikamwaga supu yote mtaroni mbele yao, nikawaambia. Mmoja akakutukana wewe, ukiwa kaburini. Mama mmoja akalia, kwa sababu supu ile alikuwa akimpelekea mtoto wake mgonjwa. Mzee Wafula, fundi wa viatu, aliketi pale pale kwenye tope, ameshika tumbo. Katika zogo lile Elija akatoweka, na hajaonekana tena.

Siku hizi naenda Burma mwenyewe. Nachukua vichwa vizima, na ngozi zake, navifungua midomo mbele ya mteja kabla sijawasha jiko. Wengi hawajarudi. Jana Mzee Wafula alipita, akasimama, akatazama meno ya mbuzi.

"Supu siwezi, binti yangu. Nipe chai."

Akainywa yote.

Sufuria nimeitoboa kwa msumari, isije ikaokotwa na mtu akapikia. Najua uliipenda. Iache iende.

Lala salama, Mama. Mimi nyama sijui kama nitaila tena. Lakini nakuahidi hili: maadamu watu wanasema wanakula kwa Mama Nekesa, hawatawekewa kwenye bakuli kitu ambacho sijakitazama usoni.

Binti yako,
Nekesa