Panya wa Chini ya Kitanda

Wanangu,

Nimetoka saa mbili. Maharage yako jikoni, yachemsheni tena kabla ya kula. Dada mkubwa, kaza bomba la uani, linavuja.

Ndiyo, nimekwenda kwa daktari wa meno kuchomwa sindano ya botoksi, ile ambayo watu huchomwa kuondoa makunyanzi usoni. Asubuhi mmenicheka hadi chai ikawatoka puani: "Baba anataka kuwa bwana harusi!" Nami nilicheka, ingawa iliniuma kidogo. Kosa ni langu, sikueleza. Sindano yangu si ya makunyanzi. Inachomwa kwenye misuli ya taya ili ilegee, maana nikilala nasaga meno. Gego moja limeshapata ufa.

Kwa hiyo yule panya anayeguguna usiku, mliyemtegea mtego mwezi mzima chini ya kitanda chetu, ni mimi. Uondoeni mtego kabla haujaninasa kidole.

Daktari anasema dawa huanza kufanya kazi baada ya siku kadhaa, na miezi michache baadaye huisha nguvu. Nikirudi msiniguse mashavu, hata kwa utani.

~~Mrudishieni mama yenu mto wake chumbani kabla hajatoka kazini.~~

Hapana, uacheni hukohuko kwenu. Alihamia chumba chenu kwa kumwogopa panya, si kwa kunikimbia mimi, na hilo limenifurahisha tangu jana, daktari aliponiambia kuwa nasaga meno. Mwambieni tu panya amepatikana na anatibiwa. Mto ataubeba mwenyewe akiwa tayari. Upande wake nimeshautandika.

Baba