Maji ya Jangwani

Jangwani, Dar es Salaam
2 Aprili 1979

Mama mpendwa,
Shikamoo. Sisi huku tu wazima, ila uchovu. Mguu wako unaendeleaje?

Balozi wetu wa nyumba kumi amepita tena: mvua zimezidi, tuhame bondeni. Mwezi uliopita mara mbili nilibeba watoto na magodoro hadi Kariakoo, barazani kwa Bi Thuraya muuza vitambaa. Mara zote mbili maji hayakuja. Majirani wakanicheka. Mume wangu naye, Melkiori unamjua: “Mama Agnesi, hofu yako ndiyo itakayotumaliza, siyo maji.” Kuna wakati natamani yaje tu, tupumzike. Mungu anisamehe.

Mwanao, Clotilda

Kibosho
15 Aprili

Mwanangu,
Marahaba. Mguu ni ule ule, lakini kanisani nafika. Kahawa imechanua.

Kuchekwa hakuui. Beba watoto tena, hata mara kumi. Melkiori mwambie mama mkwe wake anamwomba tu, hamlazimishi.

Mama yako

Kariakoo
9 Mei

Mama,
Shikamoo. Sisi na watoto tu salama. Nisamehe kwa ukimya.

Maji yalikuja mchana, watu wako kwenye foleni ya sukari. Mimi na watoto tulikuwa tumeshapanda kwa Bi Thuraya. Melkiori alibaki na jirani yetu Onesphory kulinda nyumba, wezi wasije. Maji yalipofika magotini wakatoka wote wawili, wakafika barabarani, wazima kabisa. Onesphory akasema, “Ngoja nikachukue redio.” Melkiori akamwambia, “Fanya haraka.”

Basi. Alipatikana keshokutwa yake, kwenye mikoko karibu na daraja la Salenda.

Melkiori hali chakula. Anarudia neno moja tu: “Nilimwambia afanye haraka.”

Bondeni watu wanaanika magodoro na kukandika kuta upya. Paskalina, mjane wa Onesphory, naye amerudi. Nilimuuliza, utaishije humo? Akanijibu, “Niende wapi?”

Mwanao, Clotilda

Kibosho
28 Mei

Mwanangu,
Marahaba, na poleni sana. Nimemwombea marehemu misa. Usimkataze mumeo kurudia neno hilo. Mwache aliseme mpaka lichoke lenyewe. Mkipata nafasi njooni mpumzike, ndizi zipo.

Mama yako

Kariakoo
3 Novemba

Mama,
Shikamoo. Tumepanga chumba huku juu. Krismasi tutakuja, tiketi zikipatikana.

Vuli zimeanza. Wingu likitanda tu, Melkiori anaacha cherehani, anashuka Jangwani kugonga milango. Nikimwambia apumzike, hanisikii. Jumamosi iliyopita nilimfuata. Wengine walimcheka, wengine hawakufungua. Paskalina peke yake ndiye aliyetoka, mkeka kichwani, tukaja kulala naye hapa.

Haikudondoka hata tone.

Asubuhi nilimwonea haya mtu wa watu. Nikaanza kuomba radhi. Akakunja mkeka wake, akamaliza chai ya rangi, akamgeukia Melkiori:

“Shemeji, wingu likija tena, nigongee.”

Mwanao, Clotilda