Jumanne ya Baba Salma

Kitangari, Jumamosi.

Nimeghadhibika kiasi cha kushindwa kula. Shemeji yangu, Baba Salma, alikuja kutoka Lupaso akitaka nimwandikie barua ya kuweka rehani shamba la mikorosho la dada yangu, ili apate mtaji wa kuingia katika soko la mikataba ya kahawa la ng'ambo, ambako watu hununua na kuuza kwa kukisia bei ya miezi ijayo.

Kanuni yake ni kwamba wafanyabiashara wakubwa wakizidisha mikataba ya kununua, naye anunue. Aliijaribu kwa takwimu za mikataba hiyo za miaka iliyopita, na anadai kuwa ilishinda karibu kila wiki.

Niliipitia kwa uangalifu. Takwimu hizo hukusanywa Jumanne, lakini hutangazwa Ijumaa. Yeye katika jaribio lake amenunua Jumanne ileile, kabla hazijatangazwa. Nilipousogeza ununuzi hadi Jumatatu inayofuata, faida yote iliyeyuka.

"Shemeji, wewe kazi yako ni kuwaandikia watu barua za malalamiko," akanijibu. "Biashara tuachie sisi."

Dada yangu, aliyekuja naye, akamgeukia. "Baba Salma, kwenye mnada wa korosho sanduku la bei za wanunuzi hufunguliwa mbele yetu wakulima, ndipo tunakubali au tunakataa. Wewe bei uliijuaje kabla halijafunguliwa?"

Akasema hayo ni mambo madogo. Mambo madogo, shamba ambalo dada yangu alilipalilia akiwa na mimba ya Salma, huku yeye...

Barua sikuiandika. Ameondoka akiapa kutafuta mwandishi mwingine Masasi mjini, na naamini atampata. Lakini hati ya shamba hakuondoka nayo. Dada yangu ameilalia katika chumba cha binti zangu, wala hajasema atarudi lini Lupaso.