Picha Isiyo na Negativu

Jumatatu, 3 Machi 1975. Jinja

Afande Taban kaingia studio na filamu mfukoni. Sherehe ya wiki iliyopita ya maofisa wa kambi ya Kimaka. Hataki picha za karatasi – anataka slaidi, azitazame ukutani kama sinema! Nikasema filamu ya slaidi haipatikani siku hizi. Hajji Adrisi, aliyepewa studio hii Kanubhai alipofukuzwa na Wahindi wenzake, akanikatiza: Eucabeth huyu hapa ataigeuza hii hii iwe slaidi, Mhindi alimfundisha. Haya. Mdomo wake, shingo yangu.

Jumamosi lazima niende Mbale. Mama ameamua tumfanyie kaka yangu Odero matanga, bila maiti. Tangu Novemba, watu wa usalama walipomtia kwenye buti ya gari pale mtaa wa Namatala mchana kweupe, hatujapata hata kiatu chake.

Jumanne, 4 Machi

Pamanganeti, ile dawa ya zambarau, nimepata duka la dawa. Asidi ya betri nimeomba gereji. Fundi kaniuliza nataka kummwagia nani. Akacheka peke yake.

Jumatano, 5 Machi

Nilikuwa nimesahau utamu wa kazi hii! Dawa ya kwanza, gizani, inatoa negativu. Kisha pamanganeti na asidi zinaila yote, hata jicho halijaiona. Ndipo unawasha taa – taa, ambayo siku nyingine ingeua filamu! – unatia dawa ya pili, na picha yenyewe inapanda.

Gwaride. Mbuzi wa kuchoma. Wake za maofisa. Halafu ya mwisho: gari. Wawili wanamsukuma mtu ndani ya buti. Wa tatu, kofia na miwani myeusi, ameshika kifuniko, anacheka.

Kicheko hicho nakijua. Nikatafuta saa. Odero ni mashoto, saa huvaa mkono wa kulia. Ya huyu iko kushoto. Nikamshukuru Mungu kwa sauti!

Kisha nikaona namba za pembeni mwa filamu. Zinasomeka kinyume. Nilikuwa nimeishika upande wa nyuma. Nikaigeuza.

Saa ikahamia kulia.

Alhamisi, 6 Machi

Yu hai. Odero yu hai! Na sasa yeye ndiye anayewatia wengine kwenye buti.

Ijumaa, 7 Machi

Taban kachukua slaidi zote. Moja moja, dirishani. Ile ya mwisho kaitazama mara mbili. Akaulizia negativu. Nikaeleza: hakuna, imeliwa na dawa, slaidi ni hiyo hiyo moja duniani. Akasema, "Wewe mwanamuke, picha gani haina negativu? Mimi si mutoto." Hajji akajifanya anapangusa kioo. Mnafiki!

Jumamosi, 8 Machi. Mbale

Majirani wamekuja na unga na kuni. Mama anawaambia mwanawe hakuweza hata kuchinja kuku, alikuwa akikimbilia nyuma ya nyumba. Nikaangua kilio. Wakanishika, wakasema pole, ndugu ni damu. Nimwambie nini huyu mama? Kwamba mwanawe hajafa? Kwamba afadhali – Yesu, nisamehe.

Jumatatu, 10 Machi. Jinja

Hajji hakuja kazini. Gari limesimama mlangoni. Aliyeshuka ni Odero.

Miwani ile ile. Akasema kwa sauti, wenzake garini wasikie: wewe mama, lete negativu, nimeamriwa nisipoipata nimlete fundi mwenyewe. Kama hanijui! Nikamwambia chini chini hakuna negativu, naapa. Na juzi tumekulilia, Mama kanyoa nywele.

Akasogea karibu na kaunta. Kisha akasema polepole, kwa Kijaluo: vizuri, mwache alie, asije akanitafuta. Akageuka kutazama gari. Nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka kumshika mkono.

Akaingia chumba cha giza, akavuta madroo, akavunja chupa. Ametoka. Amesema nitafute vizuri mpaka amalize sigara. Anavutia nje, mkono wa kushoto, amenipa mgongo. Buti iko wazi.

Nami naandika hapa kaunta, kama naandika risiti, maana wenzake garini wananitazama.

Upepo unatoka chumba cha giza. Mlango wa nyuma uko wazi. Mimi niliufunga asubuhi kwa komeo, nina hakika. Ameufungua yeye. Huko nyuma kimya kabisa.

Ananifungulia nikimbie, au kuna wanaoningoja huko? Sigara imebaki kidogo