Shikamoo za Anjelina

Mama Chrispin, leo nimejiaibisha!

Anjelina wangu, miaka thelathini na akili ya mtoto, amepimwa nguvu hapa Newala. Atembee dakika sita bila kusimama. Akifaulu, anakwenda kambi ya michezo Masasi, miezi mitatu.

Nami nikaenda kukaa pale anapogeukia! Unamjua, hapiti mbele ya mzee bila kupiga goti. Kila mzunguko: "Shikamoo mama." Nami, mtu mzima hovyo: "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Kila mzunguko! Dakika zikaisha.

Mpimaji akaninong'oneza: "Bibi, kesho anarudia. Wewe ubaki nyumbani."

Tangu baba yake afariki sijawahi kulala peke yangu, mwenzangu.

Njiani akaniuliza, "Mama, nimefaulu?"

Nikamwambia bado. Sasa anafanya mazoezi uani, nami nimejificha ndani nisimsimamishe.