Ujumbe wa Abkar kwa Shemeji Yake

Al-Malqa, Riyadh
24 Novemba 2025

Mpendwa kaka Wesley,

Habari za Jeddah na joto lake? Maryann hajambo? Kifua cha Valary kimepoa? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, imetoka, kwa hiyo madam hana tena la kunitishia.

Barua hii nimempa Nahashon, anakuja huko kesho. Ningepiga simu, lakini kila nikianza kuisema habari hii ulimi unakuwa mzito.

Unamkumbuka Abkar, dereva wetu Msudani? Mkewe, Hawa, alikuwa El Fasher, mji wa mwisho uliokuwa mikononi mwa jeshi huko Darfur. Wapiganaji waliuzingira mwaka mmoja na nusu, na mwezi uliopita wakauteka. Tangu siku hiyo simu ya Hawa haikupatikana.

Mimi nikafanya kama tunavyofanya nyumbani. Nikafunga sukari na majani chai, nikampelekea na kumwambia pole. Akauliza, "Nani amekufa?" Akanirudishia mfuko wangu. Niliona aibu, kaka. Kumbe nilikuwa namzikia mke ambaye kwake bado alikuwa njiani, anatembea.

Juzi jirani yao aliyefika kambi ya wakimbizi ya Tawila kwa miguu akampigia simu. Hawa alipigwa risasi wakitoroka, wakamfukia kando ya barabara. Abkar alisikiliza, akashukuru, akampeleka madam saluni. Aliporudi alisimama mlango wa jikoni akasema, "Emily, sasa niambie pole." Nikamwambia. Sijalia, Wesley. Nimekufa ganzi tu, hata chai haina ladha.

Sasa ombi. Ishaq, kaka yake Hawa, ni hamali hapo Balad, mji wenu wa kale, husukuma mkokoteni kwenye maduka ya vitambaa. Hajui lolote. Bosi amemnyima Abkar ruhusa ya kusafiri, naye hataki shemeji yake asikie kwa simu akiwa na mzigo mikononi. Nenda Ijumaa baada ya swala, wanapopumzika. Mwite kando, aketi kwanza. Mwambie majirani walimwombea dua dadake, hakuachwa hivi hivi.

Ukishamwambia usiondoke haraka. Kaa naye, hata kama hamna la kusema. Mimi sikukaa na Abkar. Madam aliniita nikapige pasi, nikaenda.

Nisalimie Maryann na umbusu Valary. Mungu awafunike nyote, na akupe maneno siku hiyo.

Dadako akupendaye sana,
Emily